Umeokota wapi?

Jirani yangu mmoja hapa Kilwa Masoko ana minazi yake ng'ambo, Kisiwani. Wiki ya kwanza niliyorudi kukaa huku kusini baada ya kustaafu alinibishia hodi na kopo la sadolini limejaa vigae. Alishasikia kwamba huyu mama aliyehamia hapa alifanya kazi makumbusho Dar es Salaam miaka thelathini na kitu, akawa na hakika kwamba nikiviona tu nitamtajia bei.

"Mama, hizi za Mchina," akasema. "Ona hii ya kijani inavyong'aa."

Kweli ilikuwa ya Mchina. Ukingo wa bakuli la seladoni, kijani cha maji ya bahari, aina ile iliyokuwa ikiingia Kilwa kwa majahazi enzi mji una masultani wake. Chini yake palikuwa na kipande cheusi cha chungu cha kwetu chenye nakshi za kukwaruza, vipande viwili vya buluu na nyeupe, shanga moja nyekundu, na kitako cha chupa ambacho hakina hata miaka hamsini. Kilwa vitu hivi si ajabu. Maji yakitoka, ukitembea ufukweni Kisiwani unavikanyaga.

Nikamuuliza, "Umeokota wapi?"

"Si huko huko Kisiwani, Mama."

"Kisiwani upande gani? Ulikuwa unachimba au vilikuwa juu ya ardhi? Hiki cha kijani na hiki cheusi vilitoka shimo moja?"

Akanitazama kama mtu aliyepeleka mgonjwa hospitali akaulizwa jina la babu wa mgonjwa. Hakumbuki. Vingine vya mwaka juzi, vingine mwanawe ameokota ufukweni akienda kuchokoa pweza, vyote vimemwagwa kopo moja. Nikamkaribisha chai. Sikumwambia nilichokuwa nakiwaza, kwamba alichokifanya yeye na mimi nilikifanya, tena nikiwa nalipwa mshahara ili kisifanyike.

Niliajiriwa mwaka 1987, idara ya historia na akiolojia, cheo cha chini kabisa ambacho mtu anaweza kuwa nacho na bado akapewa ufunguo. Mimi ni wa Newala. Makumbusho nilikuwa nimeingia mara moja tu, safari ya shule, tumepanga foleni, mwalimu anatuhimiza tusiguse vioo. Nilidhani makumbusho ndiyo yale makabati. Siku ya kwanza kazini nikashushwa ghalani, nikaona rafu za chuma kutoka sakafuni hadi dari, droo, maboksi, masanduku, harufu ya naftalini na karatasi za zamani. Mawe yaliyochongwa na watu waliokufa kabla hakujawa na lugha yoyote tunayoijua. Mikuki. Rupia za Wajerumani. Mizinga ya nyuki. Mlango mzima wa nyumba ya pwani umeegemezwa ukutani kama mgeni aliyenyimwa kiti. Wageni huko juu wanaona sehemu ndogo tu ya mali ya taifa. Iliyobaki inalala gizani, na giza lenyewe ni sehemu ya matunzo, maana mwanga hula rangi ya nguo na ngozi.

Mkuu wetu wa ghala alikuwa mzee wa Kizaramo asiyependa hata kupigwa picha, kwa hiyo jina lake nitaliacha. Alinifundisha kuandika namba. Miezi miwili namba tu. Unachagua mahali padogo pasipoonekana kitu kikiwekwa kabatini, unapasafisha, unapaka tone la vanishi isiyo na rangi, unangoja likauke, unaandika juu yake kwa kalamu ya nibu na wino mweusi, halafu unafunika kwa tone la pili. Namba inakaa katikati ya vanishi mbili, haigusi chombo chenyewe. Ikibidi kufutwa, asetoni kidogo kwenye pamba inatosha, na chombo kinabaki kama kilivyokuja. Mwanzoni tulitumia rangi ya kucha ya dukani, na karani wa bohari alishangaa idara ya serikali inaagiza vipodozi. Baadaye tukapata akriliki wanayotumia wahifadhi wa nchi nyingine.

Saba yangu ilifanana na moja. Mzee aliniandikisha saba ukurasa mzima, akatia mkato katikati ya kila moja, akasema, "Binti, moja na saba ni vitu viwili, na mmoja wao atapotea kwa sababu yako."

Baada ya namba ndipo nikafunguliwa rejista. Daftari kubwa, jalada gumu, safu zimepigwa kwa rula: namba, jina la kitu, kimetengenezwa kwa nini, vipimo, mahali kilipopatikana, aliyekileta, tarehe, maelezo. Mzee aliweka kidole kwenye safu ya mahali. "Hii ikiwa tupu, nyingine zote ni urembo."

Sikumwelewa. Nilimwelewa mwaka wa pili, masika.

Tulikuwa tumepokea mifuko kutoka uchimbaji mmoja wa pwani ya kusini. Asiyeijua kazi ile nimweleze kidogo. Mwanaakiolojia hachimbi kama mtu anayetafuta hazina. Anakwenda tabaka kwa tabaka, na kila tabaka vitu vyake vinaingia mfuko wake wenye lebo yake, kwa sababu tabaka likishachimbwa halipo tena duniani. Linabaki kwenye daftari, kwenye michoro na kwenye ule mfuko. Kati ya tabaka moja na la chini yake, unene wa kiganja tu, inaweza kulala miaka mia. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, aliyoyaeleza katika majuzuu mawili yaliyotoka 1974 kuhusu mji ule ulianza lini, ulitajirika lini na ulianguka lini, sehemu kubwa aliisoma kwenye vigae: vipi viko chini ya vipi. Msikiti Mkuu una maandishi machache sana ya kukwambia umri wake. Vigae vilivyo chini ya sakafu ndivyo vinavyosema.

Basi nilipewa mifuko miwili nioshe, tabaka la pili na tabaka la tatu. Nikaosha kila mmoja kwenye beseni lake, nikaanika kila mmoja kwenye ungo wake, lebo za karatasi nimezibana ukingoni mwa ungo kwa vibanio vya nguo. Nikaenda kula. Mvua ya Dar es Salaam haipigi hodi. Nilitoka mbio, nikakumbatia nyungo zote mbili, mlangoni nikateleza, nikaona heri karai kuliko sakafu, nikavimwaga vigae vyote kwenye karai moja lililokuwa karibu. Lebo zilikuwa zimelowa hadi wino umekuwa maji ya samawati.

Vigae 104. Nilivihesabu mara tatu kana kwamba hesabu ingevitenganisha.

Nilifikiria kudanganya, na nasema hivyo kwa kuwa vijana wanaoanza kazi hii watafikiria pia. Nusu huku, nusu kule, nani atajua? Vyote vyeusi, vyote vina nakshi zinazofanana, na mwenye uchimbaji amesharudi kwao. Nilikaa na karai lile magotini mpaka Mzee akarudi. Hakunigombeza. Alivuta kiti, akavaa miwani, tukakaa hadi saa kumi na moja jioni tukijaribu kuunganisha vilivyovunjika pamoja, kana kwamba chungu kimoja kingetusaidia kujua kilikotoka. Tukaunganisha vitatu. Haikusaidia kitu. Akasukuma rejista mbele yangu.

"Andika."

Nikaandika: *Vigae 104. Tabaka la pili na la tatu, vimechanganyika wakati wa kuanika. Kosa la msajili.* Nikatia saini na tarehe. Nilijua daftari lile litaishi kuliko mimi, na kwamba katika kurasa zote za makumbusho ile jina langu kamili liko mahali hapo tu.

Miaka mingi baadaye mwanafunzi wa akiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuja kufanya utafiti wa vyungu vya kusini. Nilimletea maboksi aliyoyaomba. Alifungua lile, akasoma karatasi ya juu, akalifunga, akalisogeza pembeni, akavuta jingine. Hakuinua hata macho. Nilitamani kumbusu.

Mengine ya kazi ile nitayapita haraka, ingawa ndiyo yaliyokula siku zangu nyingi. Maadui ni watatu: chumvi, unyevu na wadudu, na pwani tunao wote. Kigae kilichokaa ardhi ya ufukweni kimekunywa chumvi. Ukikikausha tu na kukiweka rafuni, chumvi inageuka fuwele chini ya ile rangi inayong'aa na kuibandua kama ganda la yai. Kwa hiyo unakiloweka maji baridi yasiyo na chumvi, unabadilisha kesho, unabadilisha kesho kutwa, wiki nzima au zaidi. Shaba ndiyo mtihani hasa. Sarafu za Kilwa karibu zote zilikuwa za shaba, ndogo, kama kifungo cha koti, na kitu ninachokipenda kuliko vyote ghalani mule ni kwamba maandishi yake yana vina: upande mmoja unamsifu Mungu, upande wa pili unamtaja sultani, na pande mbili zinaishia kwa sauti moja. Waswahili waliweka mashairi hata kwenye hela. Sarafu hiyo ikiwa na chumvi ndani na hewa ikiwa na unyevu, inaota unga wa kijani kibichi, na unga ule ukianza hauachi mpaka umalize. Dawa ni kukausha: kisanduku kinachofunga vizuri, na ndani vile vifuko vya chembe tunavyovikuta kwenye maboksi ya viatu. Nilikuwa nawaomba hata wauza viatu Kariakoo.

Dawa isiyo dawa ni ndimu. Mara ngapi nimeletewa sarafu imesuguliwa kwa ndimu na mchanga mpaka inameta, mwenyewe anaitoa mfukoni kwa fahari, na sultani hayupo tena, na kina hakipo.

Sarafu hizi hizi zilisafiri. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, ilikutwa Zimbabwe Kuu, huko ilikotoka dhahabu. Na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliyekuwa zamu ya rada kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi ile, aliokota sarafu chache mchangani, tano kati yake za Kilwa. Akazitia koponi akazisahau. Alipozitoa kuulizia ni nini ilikuwa 1979. Zilifikaje huko, watu wanabishana hadi leo. Lakini askari yule, kijana tu asiyejua kitu, alikuwa ameweka alama ya msalaba kwenye ramani mahali alipoziokota. Wataalamu wamekwenda kutafuta pale pale kwa sababu ya msalaba ule. Ningepata nafasi ningemwajiri.

Wadudu tuliwaua kwa baridi. Kinyago chenye bungua unakifunga vizuri ndani ya plastiki, unakitia kwenye friza la kawaida, lile la kuwekea samaki, wiki mbili. Bungua hufa, na mayai yake pia. Mwaka wa mgao mkali wa umeme tulikuwa na ngoma moja iliyokaa frizani karibu miezi miwili, maana kila umeme ukikatika usiku kucha unaanza kuhesabu upya siku ya kwanza.

Vinyago. Hapo nataka kukaa.

Mwaka 1991 nilipewa rafu za vinyago vya Kimakonde nivilinganishe na rejista, kimoja kimoja. Kile cha kwanza kilikuwa lipiko, la kuvaa kichwani zima zima kama kofia, mti mwepesi, uso wa mwanamke mwenye ndonya, kile kipande cha mti cha kuvaa mdomoni, chale zimewekwa kwa nta, nywele za binadamu. Rejista ilisema: *Kinyago. Mti. Mtwara.* Basi. Aliyekileta hakuandikwa, kijiji hakuna, mwaka hakuna.

Nilivaa glavu nikashindwa kunyoosha mkono. Nisikuchekeshe bure: nilikuwa mwanamke mwenye umri, nimesoma, nina mtoto. Lakini nilipokuwa mdogo Newala, midimu, wale wachezaji wa vinyago, ikitoka msimu wa jando, sisi wasichana na mama zetu tulikimbia tukipiga mayowe, na tuliambiwa kwamba yule si mtu, ni mzimu umetoka ardhini, na mwanamke akijua zaidi ya hapo atapata la kumpata. Wenzangu wa ghalani walidhani naogopa wadudu. Nikakipima kwa macho, nikaandika vipimo vya kukisia, dhambi nyingine hiyo, nikaomba likizo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa hai. Uso umejaa chale, mdomo wa juu una tundu la ndonya ambayo siku hizo alikuwa anaivaa akijisikia tu. Nilimkuta anamenya ming'oko. Nikamweleza yote. Aliacha kisu.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo tulivyokuwa tukitaniana, "yaani serikali inakulipa uyatazame yale tuliyokatazwa kuyatazama?"

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Halafu akasema neno ambalo sikulitegemea. "Tulikuwa tunamjua. Mtu unampikia kila siku, humjui miguu yake?"

"Sasa mbona mlikuwa mnakimbia?"

"Tusingekimbia, ngoma ingechezwa vipi?"

Tulikesha. Nilimchorea kile kinyago kwenye daftari, akaniambia chale zile ni za upande gani wa uwanda, na namna ya kujua kama kilichongwa na mtu wa huku au wa ng'ambo ya Ruvuma. Akaniambia na mengine. Katikati ya hayo mengine akaninyooshea kidole: "Hilo usiliandike."

Nikarudi Dar es Salaam. Kwenye safu ya mahali nikaweka alichonipa. Safu ya maelezo nikaijaza, na mwishoni nikaongeza: *Yapo zaidi, hayaandikwi.* Mzee alipokagua alivua miwani.

"Rejista si mahali pa mafumbo. Ukifa wewe kesho?"

"Nimekatazwa, Mzee."

"Na nani?"

"Na mwenyewe."

Hatukukubaliana siku ile, na kwa kweli hatukukubaliana mpaka anastaafu. Yeye aliamini kwamba kisichoandikwa kimekufa. Mimi ndiye niliyejaza karai la vigae 104, ni nani nimbishie? Lakini sikulifuta. Nilipiga picha kinyago pande nne, nikabandika kwenye kadi, nikavipima vipimo upya kwa mikono yangu, safari hii bila kutetemeka.

Haja ya picha zile niliiona vizuri zaidi mwaka 2010. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa, na kati ya vilivyobebwa kilikuwamo kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva lilikinunua Paris. Mazungumzo ya kukirudisha yalianza 1990, na kikarudi miaka ishirini baadaye. Habari ile ilipotoka magazetini wenzangu walishangilia. Mimi nilikwenda kwenye rafu zangu, nikatoa kadi moja moja, nikajiuliza: hii ikiibiwa leo, kadi hii ingetosha kukitambua kinyago hiki katikati ya elfu, mbele ya mnunuzi mwenye wakili? *Kinyago. Mti. Mtwara.* Jaji gani angetoa hukumu kwa maneno matatu? Kadi kumi na sita hazikutosha. Nikazifanya upya.

Huku nilikorudi, ukishasema umefanya kazi makumbusho, swali ni moja tu: "Mjusi wetu anarudi lini?" Mwanzoni nilikuwa najitetea kwamba mimi ni wa historia na akiolojia, mambo ya watu, na huyo mjusi ni dinosaria, mifupa iliyochimbwa Tendaguru, hapa Lindi, ni ya wanyama waliokufa miaka milioni 150 iliyopita, elimu nyingine, idara nyingine. Mkoa wa Lindi husemi hivyo ukaeleweka. Siku hizi naeleza tu ninachokijua. Kwamba mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Sattler, aliambiwa habari za mifupa ile; kwamba kati ya 1909 na 1913 mamia ya watu wa huku walichimba na kubeba, zaidi ya tani 200, kwa vichwa na mabega, siku kadhaa za kutembea mpaka bandari ya Lindi. Kwamba walikuwa ndiyo kwanza wametoka vita vya Majimaji na njaa iliyofuata. Kwamba mkubwa kuliko wote amesimamishwa Berlin tangu 1937, urefu wake kwenda juu mita 13 na zaidi, kama nyumba ya ghorofa nne.

Na huwa naongeza habari ya Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye Wajerumani wenyewe walimwandika kwa jina, na mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru akapewa jina la kisayansi linalomtaja. Watu hupenda kusikia hapo. Mimi hukwama hapo hapo. Mmoja kaandikwa. Waliobeba je? Madaftari ya Berlin yanajua kila mfupa ulitoka shimo gani. Mara nyingi nimejiuliza safu ya *aliyekileta* ingekuwa na kurasa ngapi kama ingejazwa kwa haki.

Sasa yule jirani. Nilimweleza kwamba sheria ya mambo ya kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, kwa hiyo bei sina, na mwingine atakayempa bei atampa na kesi. Hata milango ya nakshi ya kabla ya 1940 imo, nikamwambia, maana nilijua shemeji yake Kivinje amefuatwa na mtu wa Dar es Salaam anayetaka fremu ya mlango wa baba yao. Alinuna kidogo. Tukakubaliana apeleke kopo lake ofisini wanakotoa vibali vya kwenda Kisiwani, na siku nyingine akikuta kitu akiache palepale, aje kuita. Alikuja, mara mbili. Mara ya pili alikuwa amechomeka kijiti mahali penyewe na kufunga kitambaa chekundu.

Kilichonishinda kiko ndani mwangu. Bibi alifariki mwaka 1998, na ndonya yake nikapewa mimi. Mpingo, nyeusi ti, mviringo, imelainishwa na mdomo wake kwa miaka isiyopungua sitini. Nimeshika ndonya nyingine nyingi ghalani, nimeziandika namba kwa mkono huu huu. Hii imekaa kwenye kopo la Kimbo juu ya kabati, bila namba na bila karatasi, miaka yote hiyo. Kila nilipotaka kuifanyia kazi niliona ninaipeleka kule kwenye giza na naftalini.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa miaka saba alipanda kiti, akashusha kopo, akaja nayo jikoni. "Bibi, hiki kifuniko cha chupa gani?"

Niliosha mikono. Nikatafuta karatasi nzuri na kalamu ya wino, nikapiga mistari kwa rula, naye amekaa kando yangu anatazama. *Ndonya. Mpingo. Newala.* Jina la Bibi, jina la mama yake, alipovalishwa, alipoacha kuivaa kila siku na kwa nini. Saba yangu siku hizi ni nzuri. Mjukuu alifuatisha kwa kidole mpaka chini, akafika mstari wa mwisho wa maelezo.

"Hapa mbona hujaandika?"

"Hapo hapaandikwi. Ukivunja ungo nitakwambia."

"Ukisahau?"

Nikamwambia alete mkeka tukae nje, kuna upepo.